Mshale wa mita ulilala, nikashika waya wenye moto: walioiua mita Mlowo nawataja kwa majina

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, vijana poleni na mihangaiko.

Mimi ni fundi umeme, umri miaka hamsini na moja, kwa sasa niko Tunduma. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo atakayekuta herufi imekaa vibaya anivumilie. Halafu nachapa kwa kidole gumba cha kushoto. Mkono wa kulia umebaki na vidole vitatu, na habari ninayoileta ndiyo hiyo.

Nitakayoandika yamenipata mimi, sikusimuliwa. Sijatia chumvi. Mwenye ndugu Mlowo amuulize, watu wengi walikuwepo.

Na majina nitayataja. Kuna jamaa alinishauri niandike "bosi fulani" na "kijana fulani". Nimekataa. Mimi waliponisema walitaja jina langu lote mpaka la babu.

Twende.

Nilikuwa fundi wa mashine ya kusaga na kukoboa ya Obadia Nzunda pale Mlowo, Songwe. Miaka kumi na minane. Mota ya fezi tatu, mikanda, starter ya kuwashia mota, vyote nilifunga mimi. Msimamizi alikuwa Gidioni, mtoto wa dada yake Obadia. Mtu mwenye maneno mengi, anajua kila kitu, na ukimuonyesha asichokijua anasema "hicho kidogo tu".

Vifaa vyangu vilikaa kwenye boksi la bati pale pale mashineni. Bisibisi, koleo, tepu, na mita moja ya mshale.

Vijana wa siku hizi mnatumia za namba, kwa hiyo nieleze. Mita ya mshale ina kioo, ndani kuna mstari umepinda wenye namba, na mshale mwembamba. Chini kuna swichi ya kuzungusha unachagua unataka kupima nini. Volti za betri, volti za umeme wa nyumbani, ampia, omu. Unashika nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, unagusa, mshale unanyanyuka.

Sasa huku kwetu, fundi akipima waya akakuta hauna umeme, hasemi "umeme hakuna". Anasema "mshale umelala". Akitamka hivyo, mwenzake anashika waya. Ndivyo nilivyofundishwa, na mimi nikawafundisha wengine.

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonikata vidole.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, saa nne hivi, msimu wa mahindi, foleni ya akina mama mpaka nje. Mota ikaanza kuguna kama ng'ombe aliyekwama tope, halafu ikazima. Nikajua fezi moja imekata.

Nikamwambia Gidioni, "Shusha mein swichi."

Akashusha. Nilimuona kwa macho yangu, mkono wa swichi ukaenda chini.

"Tayari, fundi. Fanya haraka, watu wanalalamika."

Nikafungua boksi la starter. Nikachukua mita, nikaweka kwenye volti elfu moja za AC, yaani za umeme wa nyumbani, kama ninavyofanya siku zote. Nikagusa fezi ya kwanza na bodi ya chuma. Mshale umelala. Ya pili, umelala. Ya tatu, umelala.

Nikaweka mita chini. Mkono wa kushoto nikaegemea bodi, wa kulia nikashika terminali, pale waya unapofungwa, nikaze.

Wakuu, wanaosema shoti inakurusha wana bahati. Mimi haikunirusha. Ilinishika. Vidole vilijifunga vyenyewe kwenye ile terminali, nikawa naviangalia vinatoa moshi na siwezi kuviambia viachie. Sauti haitoki. Nikasema moyoni, basi, watoto wangu.

Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuja kusaga, Mama Sekela. Wanaume walikuwa wamesimama wanapiga kelele. Yeye alichukua kigoda alichokuwa amekalia, kigoda cha mti, akanipiga nacho begani kwa nguvu zote. Nikaanguka upande.

Hospitali walikata kidole cha shahada na cha kati. Daktari alisema nishukuru moyo haukusimama. Nashukuru mpaka leo, ila nashukuru nikiwa na hasira.

Baadaye ilijulikana ule mkono wa mein swichi ulishuka kweli, lakini ndani kisu kimoja cha shaba kilikuwa kimeungua kikagandana na kiti chake. Viwili vilitoka, cha tatu kikabaki. Kwa hiyo fezi moja ilikuwa na moto. Hiyo ni ajali, simlaumu mtu.

Lakini mita je? Nilipima, na fezi ile ilikuwa na moto. Mshale ulilalaje?

Swali hilo lilinisumbua wodini kuliko maumivu.

Nikiwa bado nimefungwa bandeji, habari ikanifikia. Obadia anasema nilikuwa nimelewa. Eti fundi alikuja na harufu ya kimpumu, Gidioni akamkanya, hakusikia.

Kwa wasiokijua, kimpumu ni pombe yetu ya ulezi, unaongeza maji ya moto, mnakunywa kwa mrija. Na hapa niseme ukweli wote. Nilikuwa mlevi. Kanisani kwetu niliwahi kuwekwa chini ya marudi kwa ajili hiyo, yaani unatengwa na meza ya Bwana mpaka ujirekebishe. Niliacha. Siku ya ajali nilikuwa na miaka tisa sijagusa mrija.

Ndiyo maana uongo wao ulishika haraka. Mtu aliyewahi kulewa, ukisema amelewa nani atabisha?

Kwa nini Obadia alisema hivyo? Kwa sababu kama kosa ni la mashine, wakaguzi wanakuja na wanafunga mashine katikati ya msimu. Kama fundi alikuwa amelewa, mashine inaendelea kusaga. Na ilisaga. Mimi nikiwa kitandani, mota ilikuwa inanguruma.

Obadia ni mzee wa kanisa. Akapeleka jina langu kwenye baraza la wazee, niwekwe chini ya marudi mara ya pili. Kwetu mara ya pili ni mbaya sana. Na kwa fundi umeme ni mbaya zaidi. Nani atamfungulia mlevi boksi la umeme la nyumbani kwake? Jina likishakwenda hivyo, hata kama mkono ungepona wote, kazi imekufa.

Lakini kilichoniumiza kuliko vyote ni mke wangu. Tuko nyumbani, ananifungia vifungo vya shati, akaniuliza bila kuniangalia.

"Baba Neema. Niambie mimi tu. Ulikunywa?"

Nikamwambia, "Sikunywa."

Akasema, "Haya." Akaendelea na vifungo.

Ile "haya" yake, wakuu, haikuwa imeamini. Nikaapa siku ile kwamba nitajua kwa nini mshale ulilala, hata kama nitatembea mpaka Lusaka.

Sikufika mbali hivyo. Nilivuka mpaka tu pale Tunduma, nikaingia Nakonde, upande wa Zambia. Kuna mama anatengeneza redio na inveta za magari, wanamwita Bana Chanda, yaani mama yake Chanda. Mzambia, Kiswahili anakijua cha sokoni, na mkono wake unasifiwa pande zote mbili za mpaka. Nilimfahamu kwa kununua vipuri.

Nikamueleza yote. Akasikiliza huku anachomea waya, risasi ya kuungia inatoa moshi. Nikamaliza kwa kusema, "Volti zilikuwepo lakini mita haikuziona."

Akacheka, akakataa kwa lugha yao. "Awe, baba! Mita ya mshale haioni volti. Hakuna mita ya mshale inayoona volti."

Nikadhani hanielewi Kiswahili. Nikarudia.

"Nimekuelewa. Miaka mingapi umekaa nayo?"

"Kumi na minane."

"Kumi na minane, na tumbo lake hujawahi kuliona! Mke wako ana shida." Wateja wake wakacheka. Kweli nilikuwa sijawahi kuifungua.

Akachukua mita yake, akatoa skrubu, akaniwekea wazi mezani. Nitajaribu kueleza kama alivyonieleza, maana tangu siku ile ndipo nilipojua kazi niliyokuwa naifanya.

Ndani kuna sumaku. Katikati ya sumaku kuna koili ndogo ya waya mwembamba kuliko unywele, imesimama kwenye ncha mbili kama mlango kwenye bawaba. Mshale umeshikwa kwenye hiyo koili. Na kuna springi ndogo imejikunja kama jongoo, kazi yake ni kuuvuta mshale urudi sifuri.

Umeme ukipita kwenye koili, koili nayo inakuwa sumaku, inasukumana na ile sumaku kubwa, inazunguka. Springi inavuta huku, mkondo unasukuma kule. Wanapolingana nguvu, mshale unasimama. Namba unayosoma ni hapo walipolingana. Basi.

"Kwa hiyo inachopima ni mkondo," akasema. "Ampia. Tena ampia ndogo sana. Ukiweka hii koili peke yake kwenye umeme wa ukutani, hata kope hujapepesa, imeungua."

"Sasa volti tunazisomaje?"

Akanionyesha rezista. Zilikuwa kadhaa, zimepangwa. Akasema ukichagua volti elfu moja, umeme unalazimishwa kupita kwanza kwenye rezista kubwa sana, iliyofungwa foleni moja na koili. Ile rezista inaubana mkondo mpaka unapita uzi tu. Volti zikiwa nyingi, uzi unakuwa mnene kidogo. Zikiwa chache, unakuwa mwembamba. Mshale unafuata huo uzi, na waliotengeneza mita wameandika kwenye kioo, mkondo wa kiasi hiki maana yake volti kiasi hiki. Ukichagua volti kumi, rezista ni ndogo. Ukichagua elfu, rezista ni kubwa. Kwenye AC wameongeza dayodi, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwa sababu umeme ule unakwenda mbele na kurudi nyuma, bila dayodi mshale ungetetemeka tu pale pale sifuri.

Yaani wakuu, mimi miaka yote nilidhani kuna kitu mle ndani kinaonja volti kama ulimi unavyoonja pilipili. Kumbe ni mkondo kidogo unaibiwa pembeni na kupitishwa kwenye mlango mwembamba.

Halafu akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifungua macho.

"Koili ikikatika, mshale unakaa wapi?"

Nikafikiri. "Springi itauvuta."

"Mpaka wapi?"

"Sifuri."

Akagonga kioo kwa kucha, penye sifuri.

Mshale uliolala na mshale uliokufa vinakaa mahali pamoja. Kwa macho huwezi kutofautisha. Na sisi tuna neno moja kwa vyote viwili.

Nikamuuliza, koili inakatika kwa nini? Akasema mara nyingi ni mtu mjinga anayepima ampia za betri.

Hapa mniruhusu kidogo. Tunduma ni mji wa malori, betri ni biashara. Na betri huku hatuulizi volti, tunauliza "ina ampia ngapi?" Ya sabini, ya mia, ya mia na hamsini. Sasa mtu asiyejua anaona kwenye mita kuna sehemu imeandikwa ampia. Anasema ngoja nihakikishe kama hii betri kweli ni ya mia. Anazungusha swichi kwenye ampia, anagusa chanya na hasi.

Pale kwenye ampia hakuna ile rezista kubwa. Njia iko wazi. Betri ya lori inamwaga kila ilichonacho ndani ya mita. Mshale unaruka mpaka mwisho, unagonga kigingi, moshi unatoka.

Aliponiambia hivyo nikamkumbuka Gidioni. Wiki ya ajali walikuwa wamenunua betri mbili mpya za lori la Obadia, na Gidioni alikuwa anabishana na dereva kwamba wamepigwa, hizi siyo za mia na hamsini.

Nikasimama. Bana Chanda akasema, "Kaa, baba. Huna ushahidi bado. Mita iko wapi?"

Ilikuwa kwenye droo ya Obadia, aliichukua baada ya ajali.

Akaniazima mita yake. Hanijui ukoo, hajui kwangu, akaniazima. "Nenda ukawafungulie tumbo," akasema.

Baraza la wazee lilikaa Jumamosi asubuhi, kwenye ofisi ya kanisa. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Lazaro, mwalimu mstaafu, mtu mkavu, hachekei mtu. Obadia alikaa upande wa wazee, mimi upande wa washtakiwa, Gidioni kama shahidi. Mama Sekela naye ni mzee wa kanisa, alikuwepo. Mke wangu alikaa nyuma karibu na mlango.

Obadia akaeleza habari yake ya harufu ya pombe. Gidioni akaitikia kila neno, "ndiyo", "ndivyo", "nilimkanya kabisa".

Mama Sekela akasema, "Mimi nilikuwa karibu naye kuliko ninyi wote. Sikunusa pombe. Nilinusa nyama inaungua."

Obadia akajibu, "Mama, nyama ikiungua inafunika harufu zote."

Watu wakainama. Ndivyo alivyosema, mbele ya mkono wangu.

Zamu yangu ikafika. Nikasema, "Wazee wangu, sina maneno mengi. Naomba iletwe mita niliyopimia siku ile."

Gidioni akacheka. "Atasoma nini kwenye mita huyu, darasa la tano?"

Mwalimu Lazaro akamwambia, "Wewe uliishia la ngapi, Gidioni? Maana mimi ndiye niliyekufundisha. Kailete."

Akaenda, akarudi nayo. Nadhani waliona haina madhara, kitu kimeshakufa.

Nilikuwa na tochi ya betri nne. Nikazitoa, nikazipanga, nikaweka mita ya Bana Chanda kwenye volti kumi za DC, yaani za betri. Nikagusa. Mshale ukanyanyuka ukasimama kwenye sita. Nikawapitishia waone.

Nikachukua mita yangu ya mashineni, nikaiweka kwenye volti kumi. Betri zile zile. Nikagusa.

Mshale umelala.

"Imekufa," nikasema. "Siku ile nilipima kwa mita iliyokufa."

Gidioni akaruka. "Iliharibika uliporushwa! Ilianguka!"

"Sikuwa nimeishika. Nilikuwa nimeshaiweka chini. Na sikurushwa, nilinaswa."

"Basi umeme wa mashine ndio uliiunguza ulipopima!"

Nikamwambia Mwalimu Lazaro, "Mwalimu, naomba niifungue mbele yenu. Sijui kilichomo. Nikikuta nimekosea, niandikeni mlevi."

Sitaki kudanganya. Nilikuwa nakisia tu. Na kufungua skrubu kwa mkono wa kushoto, bisibisi inateleza. Mke wangu akatoka kule nyuma, akaja akanishikilia mita ili isisogee.

Kifuniko kikatoka.

Harufu ya kuungua ikatoka nacho mpaka wazee wakaisikia. Mshale ulikuwa umepinda ncha, umepinda kuelekea kulia, upande wa mwisho kule unakogonga. Nikawaonyesha njia ya volti elfu moja, niliyotumia mimi. Rezista zake safi, rangi zake zinasomeka. Nikawaonyesha njia ya ampia. Nyeusi tupu. Ubao wenyewe ulikuwa umebabuka.

Nikasema, "Mtu aliiweka kwenye ampia akaigusisha betri kubwa. Kwenye njia yangu hakuna hata doa."

Mwalimu Lazaro akavua miwani, akavaa, akasogeza pua karibu. "Na hiki kinachong'aa ni nini?"

Sikuwa nimekiona. Palipotakiwa kuwa na fyuzi, kile kichupa kidogo cha kioo, palikuwa na karatasi ya fedha imesokotwa. Karatasi ile ya ndani ya paketi ya sigara.

Nikaelewa yote pale pale. Nikawaeleza. Alipojaribu mara ya kwanza fyuzi ilikatika, kama inavyotakiwa, ikaiokoa mita. Yeye akaona inamchelewesha. Akasokota karatasi ya sigara akaziba. Akajaribu mara ya pili. Safari hii hakukuwa na cha kukatika ila koili.

Mama Sekela akasema kwa sauti ya upole kabisa.

"Gidioni, mwanangu. Si ulisimama kanisani mwezi ule ukatuambia sigara umeacha?"

Mzee mmoja alishindwa kujizuia akacheka, wengine wakafuata. Gidioni akaangalia kwa mjomba wake, mjomba wake akaangalia dirishani. Nadhani hapo ndipo alipoona ameachwa peke yake.

"Mjomba ndiye aliyeniambia niirudishe kwenye boksi! Nilimwambia imetoa moshi. Akasema irudishe, fundi ataona mwenyewe."

Fundi ataona mwenyewe.

Obadia hakukana. Akasema tu, "Sikujua itamuumiza mtu. Ni kimita."

Wakuu, nilitaka kumrukia. Mwalimu Lazaro akanyoosha mkono, nikakaa. Halafu akanigeukia mimi, na swali alilouliza sikulitegemea.

"Fundi. Kabla ya kupima ile starter, uliijaribu mita mahali unapojua umeme upo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nani angejua? Soketi ya ofisi ya mashine ilikuwa hatua tano kutoka kwenye starter, ingekuwa kazi ya kupepesa macho.

"Sikujaribu," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ilikuwa mita yangu."

Akatikisa kichwa. Akaandika. Nikamuona mke wangu ananiangalia usoni, mara ya kwanza tangu hospitali.

Baraza likaamua sikuwa nimelewa. Obadia alitakiwa aseme hivyo mbele ya washarika Jumapili. Alisimama, akasema "palitokea kutoelewana kati yangu na fundi wangu, tumesameheana", akakaa. Mimi sijasamehe mtu, wala hajaniomba. Gidioni alihamia Galula kwenye machimbo, nasikia huko anajiita fundi. Walioko Galula mchukue tahadhari, msimpe mita. Ndiyo maana naandika hapa kwa majina. Obadia Nzunda alijua mita imekufa akaiacha kwenye boksi langu. Gidioni aliiua. Na mimi sikuijaribu.

Njiani kurudi nyumbani mke wangu aliniambia, "Baba Neema, nilikosea kukuuliza vile." Nikamwambia alikuwa na haki ya kuuliza, yeye mwenyewe anajua nilikotoka. Hatujaongea tena jambo hilo.

Niliacha Mlowo. Hapa Tunduma nilikaa miezi hakuna anayeniita. Vidole vitatu, na ile habari ya pombe ilisafiri haraka kuliko habari ya mita.

Wa kwanza kunipa kazi alikuwa Mama Sekela. Alipiga simu kwamba mein swichi ya nyumbani kwake inanuka, niende. Nikapanda gari mpaka Mlowo. Nikafika mlangoni. Alikuwa ameweka kiti karibu na boksi la umeme, amekaa.

"Mama, sogea mbali kidogo," nikamwambia.

"Sisogei. Fanya kazi yako."

Nikachomeka mita kwenye soketi yake ya ukutani. Mshale ukapanda ukasimama kama ilivyo kawaida. Nikamzimia laini ya ndani. Nikapima terminali, moja moja. Mshale umelala. Nikarudi kwenye laini ya nje ambayo bado ina moto, nikapima tena kuhakikisha mita haijafa katikati ya safari. Ukapanda. Nikarudi tena ndani. Umelala.

"Vipi?" akauliza.

Lile neno la zamani lilinijia mdomoni. Nikalimeza.

"Mita ni nzima, mama, na umeme haupo."

Nikapeleka mkono. Ule wenye vidole vitatu. Nikashika, nikakaza skrubu ya kwanza, nikakaza ya pili. Mama Sekela hakuondoa macho mpaka nilipofunga kifuniko, halafu akaingia ndani kunipikia chai.

Sasa nina wateja. Siyo wengi kama zamani, lakini wanaita.

Nilichojifunza nawaachia hivi. Mita ya mshale inapima mkondo mdogo unaopita tumboni mwake, volti tunazisoma kwa hesabu ya rezista. Kwa hiyo kimya chake hakina maana mpaka umeisikia ikiongea kwanza. Pima penye umeme, pima unapotaka kushika, rudi upime tena penye umeme. Usiiweke kwenye ampia ukagusa betri, hata kama muuzaji amekukera namna gani. Fyuzi ikikatika, tafuta fyuzi. Na ukiharibu kifaa cha mwenzio, mwambie. Atakutukana, basi, yameisha. Mimi ningemtukana Gidioni siku nzima, na leo ningekuwa na vidole vyangu.

Mafundi wa humu, ninyi mnatumia neno gani mkikuta waya hauna umeme? Nataka kujua kama ni sisi wa Songwe tu wenye kilema hiki cha lugha. Na kama kuna mwenzangu aliyewahi kunaswa akapona, aandike hapa alivyopona, wengine wasome. Wa kunitukana kwa kutaja majina naye aje, nimekaa, nasoma zote.

Nitajibu polepole. Kidole ni kimoja.